Kungwi Aliyenisindikiza Kwenye Usaili

Kila anayenipigia simu tangu nirudi Maramba ana swali lilelile: ilikuwaje ukaenda kwenye usaili wa kazi na hina mpaka viwikoni? Nimeshasimulia mara nane, na kila nikisimulia mama anaongeza yake kutoka jikoni. Sasa naandika mara moja, msomeane, mniache nipumzike.

Wasionijua vizuri niwakumbushe kidogo. Nina diploma ya kilimo na mdomo. Diploma nimeisomea, mdomo nimezaliwa nao. Kabla ya safari hii nilikuwa nimekwenda kwenye usaili mara tano na mara tano nimeambiwa "tutakupigia". Kwenye ule wa kwanza nilimweleza mwenyekiti kwamba swali lake limekosewa. Kwenye wa tatu nilimweleza mwenyekiti wao vivyo hivyo, ila yeye akabisha, tukabishana mpaka wenzangu waliokuwa nje wakaambiwa warudi kesho yake. Huu wa sita ulikuwa wa usimamizi wa shamba la minazi kule Mwera, ng'ambo ya Pangani, na mama alitoa sharti: nikikosa, basi, naingia kwenye genge la nyanya la dada yangu Sauda. Nampenda dada yangu. Lakini Sauda, nikimsaidia hata saa moja, huwaambia wateja, "Subirini, mwenye diploma atawapimia." Mkisikia hivyo kila siku kwa miaka mtajua kwa nini nilitaka kazi ile kuliko chakula.

Maramba hadi Nguvumali, kupitia msibani

Nilipata kiti mbele kwenye Fuso la machungwa la jirani yetu. Dereva, Chande, ni mtu mwema mwenye kasoro moja: hawezi kuipita maiti. Karibu na Mabokweni tulikutana na watu wamebeba jeneza. Chande akaegesha gari, akavaa kofia yake, akaenda kuingiza bega. Hakumjua marehemu. Nilimuuliza tunachelewa namna hii kwa ajili ya nani, akanijibu kwamba na yeye siku yake ikifika asingependa magari yampite.

Kwa hiyo nikakaa msibani kwa watu nisiowajua, nikala ubwabwa na maharage, sahani mbili, kwa sababu mama mmoja alinishika mkono akasema marehemu alikuwa mkarimu. Hapo ningenyamaza ingekuwa heri. Lakini mzee aliyekaa upande wa wanaume alikuwa anamwambia mwenzake kwamba michungwa yake inapukutisha maua kwa sababu ya kijicho cha majirani. Nilijizuia, Mungu ni shahidi, nikatafuna taratibu. Kisha nikajikuta nimesimama namweleza kuhusu kupogolea na kumwagilia, kwa sauti ya kusikika mpaka makaburini. Mama wa sahani mbili akaniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu.

"Dada Rukia," alisema Chande tulipoondoka, "hata msibani?"

Sikumjibu mpaka Tanga. Nilikuwa naona aibu, na nikiona aibu huwa nakasirikia watu wasiohusika.

Nguvumali: siku mbili za kunyamazishwa

Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu baba, anakaa Nguvumali, Tanga mjini. Nilipanga kulala kwake siku mbili nijiandae. Nilikuwa na maelezo kwenye simu, nimetumiwa na mwenzangu wa chuoni, ya namna ya kwenda kwenye usaili ukijiamini. Nilipoingia sebuleni nikamkuta shangazi na mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, amevaa kanga mbili na miwani yenye uzi, ananitazama kama fundi anavyotazama mlango usiofunga.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndo huyu?"

"Ndiye," shangazi akasema. "Rukia, huyu Bi Zaituni. Ni kungwi. Kwao Pemba, lakini yuko Tanga tangu wewe hujazaliwa. Atakutia ndani siku mbili."

"Shangazi, mimi siolewi. Naenda kwenye usaili."

Bi Zaituni akauliza usaili ni nini. Nikamweleza: unaingia kwenye chumba cha watu usiowajua, wanakutazama, wanakuuliza maswali, halafu wanaamua kama wanakutaka au hawakutaki. Akamgeukia shangazi.

"Sasa tafauti iko wapi?"

Nilitoa simu nikamsomea maelezo yangu. Mtazame machoni anayekuuliza. Bi Zaituni akasema hayo ni macho makavu, nitazame mkeka. Nikamwambia ofisini hakuna mkeka, akasema basi nitazame palipostahili kuwa na mkeka. Jibu haraka na kwa ufasaha. Akasema swali la kwanza halijibiwi hata siku moja, lile ni la kupima pupa. Taja mafanikio yako bila woga. Hapo alivua miwani.

"Mtu hajisifu mwenyewe, mwanangu. Anayemsifu ni somo wake, aliyemfunda. Na mimi ntakuwepo."

"Utakuwepo wapi?"

"Huko Mwera. We ulisikia wapi mwari kapelekwa bila somo? Nshawatia ndani wari chungu nzima, wala sijarudishiwa hata mmoja. Wewe umerudishwa mara ngapi?"

Shangazi akajibu kwa niaba yangu, kwa vidole vitano. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mara tano umekwenda na maneno yako, ukarudi nayo. Mara hii jaribu ya mwenzio."

Ndivyo nilivyotiwa ndani. Shangazi alikaa kitini akawa bosi, mimi mkekani, Bi Zaituni pembeni yangu na vidole vyake tayari. "Jina lako nani?" shangazi aliuliza. "Rukia," nikasema, nikafinywa paja. "Jina lako nani?" Nikanyamaza. "Ee, hivyo," akasema Bi Zaituni. Tulikubaliana alama: akikohoa mara moja, nifunge mdomo, akikohoa mara mbili, niseme kidogo. Nilifukizwa udi mpaka nikapiga chafya. Nikapakwa hina, kwa sababu shangazi alisema mikono yangu ni ya jembe, nitawakwaruza watu wa watu. Nilibisha hapo kwa muda mrefu, lakini ni vigumu kubishana na mtu aliyekushikilia mikono yote miwili.

Siku ya pili alasiri niligundua kitu kilichoniudhi. Nilikuwa nimetulia. Shangazi ananiuliza, mimi natazama mkeka, na moyo haukimbii. Nikakumbuka kwamba kwenye zile mara tano zote nilikuwa nasema mfululizo kwa sababu niliogopa. Nilihisi nikinyamaza kidogo tu wataona hakuna kitu ndani. Hilo sikumwambia Bi Zaituni, asije akavimba kichwa.

Nguvumali hadi Pangani: bibi harusi asiye na bwana

Asubuhi ya usaili tulipanda basi la Pangani, mimi katikati, shangazi kulia, Bi Zaituni kushoto. Amri ilikuwa nisifungue mdomo mpaka niambiwe. Sasa fikirini abiria walivyoona: msichana mwenye buibui jipya, hina mbichi, ananukia udi, macho chini, kimya, kazungukwa na wanawake wawili wazima wenye mkoba na birika. Tulikuwa hatujafika mbali mama wa kiti cha nyuma akapiga kigelegele.

Nikamtazama shangazi. Bi Zaituni akakohoa mara moja.

"Anakwenda kwa nani?" yule mama akauliza.

"Kwa watu wa Mwera," akajibu Bi Zaituni, na hakuwa amesema uongo.

Kuanzia hapo basi likawa letu. Wanawake waliimba. Mzee mmoja alikuja kushika bomba la kiti changu akanipa nasaha: nisimjibu mume akiwa na njaa, nisimfiche mama mkwe kitu. Nilikuwa na majibu manne kwa kila nasaha yake, yote mazuri, nikayameza moja moja. Basi lilisimama muda mrefu njiani kusubiri ng'ombe waliolala barabarani, na kawaida watu wangenung'unika, lakini siku hiyo walishukuru kwamba bibi harusi anapumzika. Konda aliniletea maji. Yule mama wa nyuma, alipofika kituo chake, aliniwekea mapajani tetea mweusi aliyefungwa miguu, akasema akawe mwanzo wa mji wangu, akashuka analia.

Jamani, na mimi nililia. Shangazi alidhani naogopa usaili. Kumbe nilikuwa nalia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunifurahia kiasi kile, na furaha yenyewe haikuwa yangu.

Kuvuka mto: nafunguliwa mdomo

Pangani tulikuta kivuko kimesimama. Gari dogo lililobeba viti vya plastiki lilikuwa limezimika pale pa kupandia, na mwenye gari anaomba watu wasukume, na watu wanamweleza kwanza kosa lake. Tulisubiri. Mama mmoja alikuwa anauza mkate wa ufuta, ndiyo kwanza umetoka motoni. Shangazi alikula, Bi Zaituni alikula, mimi nikaambiwa mwari hali mbele za watu. Tetea wangu alitupiwa makombo, akala.

Gari lilipotoka, watu wakapanda. Bi Zaituni hakupanda. Alisimama ukingoni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Nyie nendeni," akasema. "Mimi ntawasubiri hapa."

Shangazi akamuuliza kuna nini. Akatazama pembeni. Ikabainika kwamba huyu mama, mzaliwa wa kisiwani, siku alipovuka kuja Tanga alitapika toka mwanzo mpaka mwisho, akaapa hatakanyaga chombo tena, na kiapo hicho amekitunza zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa hajui kwamba Mwera ni ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza kwa sababu kungwi haulizi njia.

Shangazi alimbembeleza. Mfanyakazi wa kivuko alimbembeleza. Mimi nilitazama maji na kimya changu. Mwisho Bi Zaituni akanigeukia, uso umempauka.

"Rukia. Nakufungulia mdomo. Mpaka ng'ambo tu. Sema, sema chochote, nisiyasikie maji haya."

Wenzangu, sijawahi kupewa kazi ninayoiweza kama ile. Nilimshika mkono nikaanza. Nilimweleza kuhusu michungwa, ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, mwalimu wangu wa udongo aliyeogopa minyoo, jinsi Sauda alivyowahi kumuuzia mteja nyanya alizokwisha kumuuzia mwingine. Nilimweleza kosa la kila aliyeniuliza maswali katika zile saili tano, kwa majina ya vyeo. Alifumba macho akasema, "Enhe? Halafu?" kila nilipovuta pumzi. Tulipogusa Bweni, upande wa pili, nilikuwa katikati ya mbolea ya samadi. Akafumbua macho, akatazama nyuma kuona mto, akashuka, akapanga kanga yake vizuri. Kisha akakohoa mara moja.

Bweni hadi Mwera: magogo

Tulichukua bajaji, watatu na tetea. Mashamba ya minazi yalianza, nikaanza kuteseka. Makuti ya minazi michanga yalikuwa yamekatika mapembe mapembe, kama mtu kapita na mkasi. Huyo ni chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Na chini, kila baada ya hatua chache, magogo ya minazi ya zamani yameachwa yaoze, na gogo bovu ndilo nyumba anapozalia. Nilishika paja la shangazi. Nilionesha kwa kidole. Shangazi akadhani nataka kujisaidia, akamsimamisha dereva.

Mwera: ofisini, kisha shambani

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani yenye baraza pana. Mwenye shamba, Bi Salha, ni mama wa Kiarabu, ukoo wa siku nyingi huko, mwenye umri wa miaka kama sabini. Alikuwa amekaa na ungo mapajani anachambua mchele, na hakuuweka chini muda wote. Mwanawe, Bwana Nasoro, alikaa mezani na karatasi. Shangazi na Bi Zaituni waliachwa barazani, chini ya dirisha.

Niliamkia, nikaitikiwa, nikakaa, nikatazama palipostahili kuwa na mkeka.

"Karibu," akasema Nasoro. "Tueleze kidogo kuhusu wewe."

Nikanyamaza.

"Dada? Tueleze kuhusu wewe."

Nikanyamaza tena, nikasubiri kikohozi. Nasoro akaona mikono yangu. "Ah. Hongera. Sasa mume ataridhia ukae huku shambani?"

Kichwa cha Bi Zaituni kikatokea dirishani. "Hana mume."

"Na hina hii?"

"Ya kwenu."

Nasoro akaacha kuandika. Kufumba na kufumbua Bi Zaituni alikuwa ameingia, amekaa kwenye kiti cha pili, tetea mkononi.

"Bibi, sisi ndio tunaouliza," akasema Nasoro.

"Uliza, nani kakukataza? Lakini kwanza, mtoto atalala wapi?"

"Kuna chumba cha msimamizi."

"Kinavuja?"

Nasoro akamtazama mama yake. Bi Salha alitupa kijiwe nje ya dirisha. "Mjibu mgeni."

Kinavuja upande mmoja, Nasoro alikiri. Kitazibwa lini? Atapumzika siku gani? Akiugua nani atamwangalia? Akitaka kwenda kwao kumwona mama yake atamwomba nani ruhusa, na huyo mtu ana hasira? Nasoro alijibu, na kila jibu Bi Zaituni alimtaka aliandike. Mimi natazama sakafu, masikio yamewaka. Mara tano nimekaa mbele ya watu, nimesahihisha maswali yao yote, na sikuwahi kuuliza hata moja kati ya hayo.

Mambo yangekwenda vizuri kama Bi Zaituni asingemtoa tetea akamweka mezani juu ya karatasi. "Huyu wa mama mwenye nyumba."

Nasoro akarudi nyuma na kiti. "Hapana. Hapa hatupokei rushwa."

"Rushwa?" Sauti ya Bi Zaituni ilishuka chini sana. "Mgeni aje mikono mitupu, ndo adabu mliyofundishwa?"

Tetea aliacha alama yake kwenye barua yangu ya maombi. Nilijua yamekwisha. Nikaliona genge la Sauda, nikamsikia anavyoniita. Nasoro, kwa hasira, akaanza kukusanya karatasi, akasema wanahitaji mtu wa vitendo, minazi michanga inakufa, ingawa mwenyewe ameshachukua hatua: ameagiza magogo yote yaliyoanguka yaachwe shambani yawe mbolea.

Bi Zaituni akakohoa mara moja. Nilimsikia. Nikasimama.

"Bwana Nasoro, samahani, ni magogo hayo ndiyo yanayoiua."

Nilisema bila kupumua, mikono ya hina inapepea. Chonga, mayai, funza, gogo, moyo wa mnazi. Alipobisha kwamba ni upepo wa chumvi, nikamwambia upepo hautoboi tundu. Katikati ya sentensi nikajisikia, sauti ileile ya mara tano, nikaacha hapohapo. Safari hii sikuwa naogopa, ila nilikuwa nimechelewa kujizuia.

Bi Salha akaweka ungo chini. "Hilo tundu unaweza kunionesha?"

Tulikwenda wote. Niliomba waya, nikapewa spoku ya baiskeli, nikaikunja ncha. Mnazi wa tatu ulikuwa mfupi, kimo changu. Nikapenyeza spoku kwenye tundu, nikazungusha, nikavuta. Akatoka, mweusi, mnene, pembe juu, anapiga miguu kwenye kiganja changu chenye maua. Shangazi akarudi nyuma. Bi Zaituni akasema tu kwamba hina ile ilikuwa ya kukaa wiki mbili. Nikapindua gogo la karibu kwa mguu, na funza weupe walikuwa wamejaa tele, wanene, wamejikunja.

Bi Salha aliwatazama, kisha akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama chini, macho ya adabu kabisa, Bi Zaituni angempa alama zote.

"Taib," akasema Bi Salha. "Nimeshawaweka wasimamizi watatu hapa. Wote wakimjibu Nasoro 'ndiyo bwana', na minazi ikifa. Magogo yaanze kutolewa kesho. Kazi ni yako. Unaitaka au huitaki?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu la swali hilo tangu nitoke chuoni, lina sehemu tatu na shukrani mwishoni. Halikuja. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kidevuni, chonga bado anatambaa mkononi. Nasoro alikuwa amesimama na kalamu. Bi Salha anasubiri. Nilijaribu tena, kimya. Nikaona Nasoro anaanza kufunga kalamu yake, na nikashindwa hata kuitikia kwa kichwa.

"We kijana, andika," akasema Bi Zaituni. "Mwari akinyamaza, kakubali."

Nasoro akaandika.